Sinema Niliyoimaliza Peke Yangu

Kitunguu maji kibichi kikikatwa, wanawake wengi wa rika langu hukumbuka jiko la mama zao au pilau ya harusi ya fulani. Mimi hukumbuka sinema. Harufu ile ikinipanda puani naiona sebule ya Bi Nunu kule Mpendae, mapazia yamefungwa mchana kweupe, wanawake wamejaa juu ya mikeka, na televisheni imekaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma mpaka dakika ya kuwashwa. Kisa cha kitunguu nitakieleza, na hakina sifa nzuri kwangu. Mengine yote nitakayosema hapa nayasema kwa kujivuna, na asiyependa majivuno aniwie radhi mapema.

Mimi ni mpenzi wa filamu za giza. Napenda zile ambazo mlango unafunguka wenyewe, mtu anaitwa na sauti asiyoijua, na mwisho unakuja bila kukupa pole. Nikiweka moja, mume wangu hukumbuka kuwa ana kazi uani. Wanangu husema kwamba wenzao wana mama wanaolia kwenye tamthilia, wao wana mama anayekula njugu huku watu wanatafunwa. Najua rika langu karibu lote limelelewa na filamu za Kihindi za kulia, na mpaka leo ukiwaonesha mama kipofu anayempapasa uso mwanawe aliyepotea, wanatafuta leso. Siwacheki. Nimekaa nao mkeka mmoja, Jumapili baada ya Jumapili.

Aliyekuwa akinipeleka ni Shangazi Zuhura, dada yake baba. Hakujaaliwa mtoto, basi akanichukua mimi popote alipokwenda, na pahala alipopenda kwenda kuliko pote ni kwa shoga yake, Bi Nunu, mwenye deki ya video. Mume wa Bi Nunu alikuwa akifanya kazi Uarabuni na ndiye aliyeituma ile mashine, na tangu ilipofika nyumba yao ilikuwa na wageni wengi kuliko nyumba yenye mzazi aliyetoka kujifungua. Sisi tulikaa Mji Mkongwe, Malindi, kwa hiyo Mpendae kwetu ilikuwa safari. Tulisali adhuhuri, tukavaa, tukaenda na visheti na ubuyu kwenye mkoba wa Shangazi, pamoja na leso zake zilizopigwa pasi.

Leso ndizo zilizokuwa mizani. Mtu akiuliza, "Ile ya wiki jana vipi?" hakujibiwa kwamba ni nzuri au mbaya. Alijibiwa, "Leso moja tu," na hapo ikajulikana kuwa haikodiwi tena. Filamu ya leso tatu ilirudiwa mpaka mkanda ukaanza kutoa theluji kwenye kioo. Hakuna aliyejua Kihindi zaidi ya maneno ya mapenzi na ya kuapa, ila Bi Nunu alituelezea yote kwa uhakika mkubwa, na pale asipojua alitunga, na hakuna aliyeona tofauti. Kila mmoja alijua mahali pa kulia. Mama akifukuzwa mvuani, wote. Ndugu wakitambuana kwa alama ya begani, wote. Shangazi alikuwa bingwa wao. Aliweza kuanza kulia majina ya waigizaji yakiwa bado yanapita.

Mimi chozi halinitoki. Nilitazama mama akifukuzwa mvuani nikawa nawaza kwa nini hakuchukua mwavuli uliokuwa pale pale mlangoni. Nilitazama ndugu wakitambuana nikawa nashangaa kwamba hakuna aliyewahi kuoga mbele ya mwenzake. Nikitazama pembeni naona nyuso zote zimelowa, naona haya, kwa sababu nilidhani kulia ndio mchango wa pale, kama watu waendavyo msibani na sahani ya mchele. Kila mtu ameleta chake, mimi nimekuja mikono mitupu na visheti nimekula.

Ndipo Jumapili moja nikachukua kipande cha kitunguu jikoni kwa mama, nikakifunga kwenye leso. Nilingoja mpaka mama wa kwenye filamu alipotolewa nje na mvua ikaanza, nikajipaka machoni kwa moyo wote. Yallah! Nilipiga ukelele uliofika barabarani. Bi Nunu akasimamisha mkanda, jambo ambalo kwa kawaida alilifanya kwa ajili ya adhana tu, akainua pua.

"Nani kaja na kachumbari humu?"

Walicheka mpaka wakajifuta yale machozi ya leso tatu kwa machozi ya kicheko. Mimi nilikuwa sioni mbele. Shangazi akanivuta mapajani, akawa ananiosha macho kwa maji ya kopo. Bi Nunu naye, akingali anacheka, akasema, "Mtoto huyu ana roho ngumu, Zuhura. Asotoa chozi kwa hii, hata mamake akifa hatalia."

"Nunu! Mtoto huyo," Shangazi akamwambia.

Najua alisema kwa mzaha. Lakini mtoto hana pa kuuweka mzaha wa namna ile. Usiku wake nilimtazama mama akipanga vyombo nikaogopa, si kufa kwake, bali mimi kusimama pale na macho makavu watu wote wakiniona. Niliamini kabisa kwamba kuna kitu wenzangu wamezaliwa nacho, na mimi sinacho.

Aliyekuwa akitufuata Mpendae jioni ni mume wa Shangazi, Bwana Makame, fundi seremala, kwa vespa yake. Shangazi alikaa upande na buibui lake, mimi nikasimama mbele, harufu ya vumbi la mbao kwenye shati lake ikinijaa puani. Hakupata kutazama hata filamu moja. Ila kila mara, kabla ya kuwasha, aliuliza swali lake lile lile.

"Haya, leo mmemzika nani?"

Na Shangazi alimhadithia njia nzima, akipiga kelele kuushinda mtutumo wa vespa, na Bwana Makame akitikisa kichwa kwa masikitiko kila kona. Siku ile ya kitunguu alimjibu, "Leo tumemzika huyu na kitunguu chake," na Bwana Makame alicheka mpaka tukayumba.

Sasa nije kwenye siku niliyopata sinema yangu. Kanda zilikodiwa mjini, na Jumapili hiyo boksi lilikuwa na picha ya bibi harusi amejaa dhahabu, ila ndani ulikuwamo mkanda mwengine kabisa. Hakuna wimbo. Hakuna bustani. Kuna nyumba ya mbao kando ya mto, na mwanamke ambaye mumewe alikwenda mtoni akazama. Tukadhani ndio mwanzo wa kulia, leso zikatoka. Kisha kila magharibi ikifika, nyayo za maji zikawa zinatokea mlangoni, moja baada ya moja, bila mtu, zinapita ukumbini mpaka kitandani. Yule mwanamke anachukua kitambaa, anazifuta. Kesho yake zinakuja tena.

Nyayo zilipofika kitandani mara ya pili, sebule ya Bi Nunu ilibaki tupu. Walikimbilia uani kanga zimewafunika vichwa, wengine wanasoma Ayatul Kursi, wengine wamekanyagana, na Shangazi wangu ndiye aliyetangulia. Hakuna aliyethubutu kurudi kuizima. Bi Nunu aliniita kupitia dirishani.

"Wee mtoto! Upo?"

"Naam!"

"Izime!"

"Naam, Bi Nunu!"

Nilijibu naam, nikakaa. Niliimaliza peke yangu, magoti yamenigusa kidevu. Niliogopa, tena sana, lakini ilikuwa hofu isiyonidai kitu. Hakuna aliyenitazama kuona kama nimelia. Yule mwanamke mwenyewe hakulia. Alikuwa anafuta sakafu, siku nenda siku rudi, na mimi nikamuelewa zaidi ya wote niliowahi kuwaona kwenye ile televisheni. Mkanda ulipokwisha nilitoka uani nikiwa nimetulia, wakanipokea kama mtu aliyetoka kisimani. Wakaniuliza kama nimedhurika. Hakuna aliyetaka kuniuliza ilivyomalizika, na Bi Nunu akakataza isitajwe tena nyumbani kwake.

Haukupita muda mrefu, Bwana Makame akafa. Alikwenda Kidichi asubuhi kukata mbao, adhuhuri akaletwa amefunikwa shuka. Moyo, walisema. Shangazi akahamia kwetu kukaa eda, katika chumba cha mwisho ghorofani, bila wanja, bila marashi, bila kutoka, na kwa mila yetu asiachwe peke yake.

Shangazi hakulia. Huyo aliyelilia mama za watu wa Bombay hakumtolea chozi mumewe. Alikaa kitako juu ya godoro na kutazama ukuta, na chakula kikipelekwa kilirudi kama kilivyo. Watu walianza kunong'ona kwenye ngazi. Bibi, mama yao Shangazi na baba, alikuwa akisema kwamba majonzi yasiyotoka huua, na kwamba hatakubali kumzika mkwe na mwana mwaka mmoja. Mimi niliipata sababu, na nilikuwa na hakika nayo kuliko wakubwa wote. Machozi yana kipimo, kama maji ya tangi, na Shangazi alikuwa ameyamaliza yake Mpendae. Kila Jumapili nilimwona kwa macho yangu akiyamwaga.

Bi Nunu na wenzake waliona dawa ni kumliza. Na kwa kuwa deki haiwashwi kwenye nyumba ya msiba, wakawa wanakuja alasiri kumhadithia. Walikaa kumzunguka, wakamkumbusha filamu zote za leso tatu, kwa ustadi, kila mmoja akiongeza alichosahau mwenzake. Mume kaanguka na ndege, mke kavaa nguo za ujane, miaka imepita, kumbe mume kaokotwa na wavuvi hajui hata jina lake, hadi siku aliposikia ule wimbo. Au aliyekufa alikuwa pacha. Au kaburini walizika gogo. Wahadithiaji walilia wao. Shangazi aliwasikiliza, na kila mume aliporudi, yeye alizidi kuugeukia ukuta. Mimi nilikuwa mlangoni, nikiona jambo baya linafanyika bila kujua jina lake. Bibi alikuwa ameshanionya: chumbani mle nisifungue mdomo na habari zangu za kutisha.

Alasiri moja wageni walikuwa wamekwisha ondoka, Bibi yuko chini anatia udhu, na mama kaenda sokoni. Nikaachwa mimi kukaa na Shangazi. Nilifikiri sana kabla ya kumwambia nililokuwa nimelipanga kwa siku nyingi.

"Shangazi, ukitaka mimi n'takulilia. Yangu yote yapo, sijayatumia hata kidogo."

Aligeuka. Alinitazama kwa muda, na pembe moja ya mdomo ikatikisika.

"Yapo wapi, mwanangu?"

"Ndani. Ila sijui pa kuyatolea."

Kisha akauliza, taratibu, kama anayeulizia njia, "Ile senema ya nyayo. Iliishaje?"

Nilitazama mlango. Nilijua nikisikika nitachapwa. Lakini katika nyumba nzima, katika Unguja nzima kwa nilivyojua mimi, hapakuwa na mtu mwengine anayeweza kumjibu. Nikasogea karibu, nikamwambia. Nilimwambia kwamba yule mwanamke aliendelea kufuta, mpaka siku moja hakufuta. Alizifuata zile nyayo asubuhi, mchana wa jua, mpaka ukingoni mwa mto. Zilikuwa zinaingia majini. Akarudi nyumbani, akafunga nguo zake, akafunga mlango, akenda zake. Jioni nyayo zikaja mpaka kwenye mlango uliofungwa, zikasimama, zikakauka.

"Na mume?"

"Hakurudi, Shangazi."

"Hata mwisho? Hakuokotwa na wavuvi?"

"Hakuokotwa."

"Hakuwa na pacha?"

"Hana pacha. Kafa tu."

"Kafa tu," akasema Shangazi.

Akaliweka lile neno mdomoni mara ya pili, na mara ya tatu halikutoka kamili. Nilidhani anakohoa. Kisha ile sauti ikapanda, wala haikufanana na vilio vya Mpendae hata kidogo. Ilikuwa nzito na mbaya, imemkunja mwili mzima, na mimi nikamshika mguu kwa sababu sikujua pengine pa kushika. Bibi alipanda ngazi na maji ya udhu yakimdondoka mikononi.

"Umemfanya nini mwanangu, we mtoto? Umemfanya nini?"

Mkono ulikuwa umeshainuliwa. Shangazi akauzuia, akiwa bado analia.

"Mwache, Mama. Siku zote hizi watu wananijia humu kunirejeshea Makame. Kila alasiri wananirejeshea. Huyu ndo wa mwanzo kuniambia kafa."

Bibi akaketi godoroni akamkumbatia binti yake. Walilia wawili, na mimi kati yao, macho makavu, mkono wangu bado umeshika mguu wa Shangazi. Sikuona haya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa mbele ya mtu anayelia bila kuona kwamba nimekuja mikono mitupu. Baadaye Shangazi akaosha uso akauliza kama kuna chochote cha kula, na Bibi, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua, alishuka zile ngazi mbio kuleta muhogo wa nazi. Shangazi aliumaliza. Nilihesabiwa mtu tangu siku ile. Wageni wakija na filamu zao, Shangazi aliwasikiliza kwa adabu, wakiondoka ananiita: "Njoo wewe, nambie khasa."

Na sikuwa na zaidi ya ile moja, basi nikaanza kutunga. Nilimtungia nyumba na visima na wake waliofunga milango wakaondoka. Nilijifunza kwamba aliyefiwa anajua mara moja ukimdanganya, na kwamba hofu inayosemwa sawasawa inampumzisha mtu. Wengi huniambia filamu za giza ni za watu wasio na huruma. Huwa nawajibu kwamba huruma nilifundishwa na moja, nikiwa nimeachwa nayo peke yangu sebuleni.

Eda ilipokwisha Shangazi alirudi Mpendae na leso zake, na akalia kama zamani, tena kwa raha. Ladha yake haikubadilika na yangu haikubadilika. Alipenda waume warudi, kwa sharti kwamba pasiwe na anayemhadithia yeye kuwa ndivyo ilivyo.

Mama yangu alifariki miaka michache iliyopita, baada ya alfajiri, nyumbani. Lile neno la Bi Nunu nilikuwa nimelibeba utu uzima wangu wote, na siku ile lilinisubiri. Nyumba ilijaa vilio. Mwoshaji alipofika alitaka wawili wa kumsaidia, na akasema mwana akiwepo ni bora zaidi. Dada zangu walifika mlangoni wakashindwa, wakarudi. Siwalaumu. Bi Nunu mwenyewe alikuwapo, mzee sasa, anatembea kwa kushika kuta, na aliniona nimesimama kati ya watu na macho makavu, kama alivyonitabiria. Akafungua mdomo. Shangazi Zuhura, aliyekuwa amekaa pembeni yake uso umelowa, akamtangulia.

"Mpisheni mwanangu apite," akasema. "Yeye ataweza."

Wakanipisha. Kulia nililia, siku nyingine, wakati wangu ulipofika, na hakuna aliyenihesabia. Asubuhi ile palikuwa na kazi. Maji yalikuwa ya vuguvugu, na majani ya mkunazi yalikuwa yameshapondwa. Nikakunja mikono ya nguo, nikaanza upande wa kulia, na nikamwosha mama yangu mpaka mwisho bila kufumba macho.